Podikasti haionekani, haifunguki au inakatika: uanzie wapi?

Mtu akikuambia "podikasti imekataa", bado hajakuambia kitu. Imekataa kuonekana ukiitafuta? Imekataa kupakuliwa? Au inacheza vizuri tu, ila msemaji anasikika kama yuko ndani ya pipa? Kila moja ina mzizi wake. Nimeona watu wakifuta programu na kuiweka upya, wakizima simu na kuiwasha, hata wakinunua hedifoni nyingine, kumbe kilichoharibika hakikuwa mikononi mwao hata kidogo.

Podikasti ni vitu vitatu vinavyokaa sehemu tatu. Kuna faili la sauti, mara nyingi MP3, lililowekwa kwenye seva ya mwenye kipindi au ya kampuni anayoilipa. Kuna mlisho wa RSS, yaani ukurasa mrefu wa maandishi unaoorodhesha sehemu zote za kipindi na kusema faili la kila sehemu liko wapi. Halafu kuna saraka, ile orodha kubwa ya vipindi unayoipekua unapoandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta. Programu yako ni msomaji tu: inaangalia saraka, inakwenda kwenye mlisho, inachukua faili. Mpango huu ni wa zamani kuliko jina lake. Alama ya kuambatisha faili la sauti iliingia kwenye RSS Desemba 2000, zaidi ya miaka mitatu kabla ya Ben Hammersley kuandika neno "podcasting" katika gazeti la The Guardian, Februari 2004.

Kwa hiyo kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua kati ya saraka, mlisho, faili na msomaji, nani ameangusha mzigo.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fungua sehemu ileile mahali pengine: kwenye tovuti ya kipindi kwa kivinjari, au kwenye simu ya mwenzako. Kisha rudi kwenye programu yako ufungue kipindi kingine kabisa. Dakika mbili zinatosha. Ikicheza kwingine na kukwama kwako, shida iko kwenye programu, simu au mtandao wako. Ikikwama kote huku vipindi vingine vinacheza, shida ni yao, na hata ukiifuta programu mara kumi hutaitibu. Kila kitu kikikwama, podikasti iache kwanza, angalia mtandao.

"Nimetafuta jina, halipo"

Anza na tahajia, na usidharau hatua hii. Saraka nyingi hulinganisha herufi ulizoandika na jina la kipindi na la mwenye kipindi, basi. Hazijui kwamba "Kiswahili" na "Swahili" ni lugha moja. DW na RFI hujiita kwa "Kiswahili", BBC hujiita kwa "Swahili", kwa hiyo anayetafuta matangazo ya lugha hii kwa neno moja tu ataliona kundi moja na kulikosa jingine. Jaribu pia jina la mtangazaji badala ya la kipindi. Ukikumbuka neno moja tu la jina, andika hilo peke yake. Neno moja sahihi hushinda matano yenye moja lililokosewa.

Kuna na kasoro ambayo msikilizaji haioni. Ndani ya mlisho pana mstari unaotaja lugha ya kipindi, na kwa Kiswahili msimbo wake ni "sw". Mtengenezaji akisahau kuubadilisha, kipindi cha Kiswahili kitabaki kimeandikwa "en", na ukichuja kwa lugha hakitokei ng'o. Ukiona orodha ya vipindi vya Kiswahili ni fupi kuliko ulivyotarajia, ondoa kichujio cha lugha utafute kwa mada.

Kama unachokikumbuka ni mgeni aliyehojiwa au jambo lililozungumzwa, saraka ya kawaida inaweza isikufae, kwa sababu jina hilo limo kwenye maelezo ya sehemu moja tu, si kwenye jina la kipindi. Hapo tumia injini inayopekua hadi maelezo ya kila sehemu, kama Listen Notes.

Ukishajiridhisha na tahajia, lisilopatikana huenda kweli halipo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na saraka ndivyo zilivyo: kipindi kisichoandikishwa hakionekani hata kama mlisho wake ni mzima kama kigongo. Apple ilianza kuorodhesha podikasti ndani ya iTunes 4.9, Juni 2005, na hadi leo programu nyingi ndogo huazima orodha hiyo. Nyingine hutumia Podcast Index, iliyoanzishwa 2020 ili kuwe na orodha isiyomilikiwa na kampuni kubwa. Spotify ina yake. Mwenye kipindi aliyejiandikisha upande mmoja na kuusahau mwingine ndiye anayewafanya marafiki wawili wabishane, mmoja akisema "mbona mimi nakiona?"

Dawa yake ni kuiruka saraka. Nenda kwenye tovuti ya kipindi, tafuta kiungo cha RSS (mara nyingi ni alama ndogo ya rangi ya chungwa yenye mawimbi), kinakili, ukibandike kwenye programu sehemu ya kuongeza kipindi kwa anwani. AntennaPod inaruhusu, programu ya Apple inaruhusu, na nyingine nyingi pia. Spotify haimpi msikilizaji nafasi ya kubandika mlisho wake mwenyewe, basi kama ndiyo unayoitegemea, utahitaji programu ya pili kwa vipindi vya aina hii.

Vipo pia vipindi visivyo na mlisho wa wazi kabisa. Kimeuzwa kwa jukwaa moja, au kinawekwa YouTube tu kama video. Mimi binafsi naona kisicho na mlisho ni kipindi cha redio au cha video kilichoazima jina, lakini ubishi huo hautakusaidia kukisikiliza: kifuate kule kilipo.

Na ukibonyeza kiungo kwenye makala ya zamani kikakupeleka pasipo na kitu, angalia kiungo hicho ni cha programu gani. Stitcher ilifungwa Agosti 2023, na Google Podcasts ilizimwa 2024. Kipindi chenyewe huenda kiko hai na kinatoa sehemu kila wiki. Kilichokufa ni mlango tu.

"Nimebonyeza RSS, yamekuja maandishi ya ajabu"

Hongera, mlisho ni mzima. Ule si ukurasa wa kusomwa na binadamu, ingawa ukiuzoea unakuambia mengi. Shuka chini hadi uone mstari wa namna hii:

`<enclosure url="https://.../sehemu-12.mp3" length="34560000" type="audio/mpeg"/>`

Hapo ndipo faili lilipo. Nakili anwani iliyo ndani ya alama za kunukuu, ibandike kwenye kivinjari, na sauti inapaswa kuanza. Namba ile ni ukubwa kwa baiti, yaani kama MB 34.5, kwa sauti ya kbps 96 (kilobiti 96 kwa kila sekunde) hiyo ni dakika 48. Ukiwa na faili la MB 9 kwenye simu huku mlisho unasema 34, umeshajua kwa nini mazungumzo yalikatika katikati ya sentensi.

Mlisho wenyewe ukileta kosa la 404, umehamishwa au umefutwa. Ukileta 403 au 401, upo lakini hukuruhusiwa kuingia. Ukileta kosa linaloanza na 5, seva yao imelemewa au imeanguka, subiri. Mwenye kipindi anapohamia kampuni nyingine anatakiwa aache agizo la kuelekeza wasomaji kwenye anwani mpya. Asipoliacha, waliojiunga zamani hubaki wakipiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa, hawapati kosa lolote, ila sehemu mpya haziji. Ukiona kipindi "kimekufa" tangu tarehe fulani na mwenyewe bado anakitangaza, kitafute upya na ujiunge upya.

"Sehemu mpya imetoka, kwangu haijafika"

Vuta orodha chini ili ijisasishe, kisha tofautisha aina mbili za programu. Pocket Casts na wenzake hutumia seva yao kukagua milisho kwa niaba ya watumiaji wote. Seva ikichelewa, mnachelewa wote, na simu yako haina kosa. AntennaPod hukagua yenyewe kutoka kwenye simu yako, kwa muda uliouweka. Hapa kiokoa betri au kiokoa data kikiizuia isifanye kazi chinichini, utakuwa unapata sehemu mpya pale tu unapoifungua. Dalili yake ni hiyo hasa: ukiifungua baada ya siku tatu, zinamiminika zote kwa mpigo.

Kuna na wale wanaosema haijafika kumbe imefika iko chini. Vipindi vya mfululizo, vinavyosimulia hadithi moja kuanzia sehemu ya kwanza, huwekewa alama kwenye mlisho ili sehemu zipangwe kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho. Shuka hadi mwisho wa orodha, au geuza mpangilio.

Sehemu ileile ikijitokeza mara mbili au tatu, kila sehemu ina kitambulisho chake cha pekee kwenye mlisho, nacho kimebadilishwa, mara nyingi kwa sababu kipindi kimehama. Programu inadhani ni vitu vipya. Huna la kufanya ila kuziwekea alama kwamba umezisikiliza.

"Za zamani zimekwenda wapi?"

Mlisho hauna wajibu wa kubeba kila kitu. Tovuti za WordPress, zisipobadilishwa mpangilio, huonyesha vitu 10 vya mwisho tu kwenye mlisho. Vyombo vya habari vinavyotoa taarifa kila siku navyo huacha chache za karibuni. Kwa hiyo ukijiunga leo na kuona sehemu 10 tu, si lazima kipindi kiwe kichanga. Pekua tovuti ya kipindi, au jaribu programu inayotumia seva, kwa kuwa baadhi yake hukumbuka sehemu zilizokwisha kuondoka kwenye mlisho. Ila kumbuka: jina kuonekana kwenye orodha hakumaanishi faili bado lipo. Sehemu unayoithamini, ipakue.

Kama zilikuwa kwenye simu yako na zimetoweka, angalia mpangilio wa kufuta zilizokwisha sikilizwa. Programu nyingi huja nao ukiwa umewashwa, na mtu aliyelala na simu ikaendelea kucheza usiku kucha huamka amefutiwa sehemu nne ambazo hakusikia hata neno.

Haipakui, au inamaliza data

Ikikaa kwenye foleni bila kusogea, mara nyingi ni mpangilio wa "pakua kwa Wi-Fi pekee". Ikianza na kukwama, angalia nafasi iliyobaki. Na kama umeelekeza faili ziende kwenye kadi ya kumbukumbu, zirudishe kwa muda kwenye hifadhi ya simu ujaribu tena. Kadi iliyochoka huonyesha dalili hapa kabla ya mahali pengine popote.

Kuhusu data, piga hesabu badala ya kukisia. Saa moja ya sauti ya kbps 64 ni karibu MB 29. Ya kbps 128 ni karibu MB 58. Kwa mazungumzo ya watu wawili kbps 64 inatosha kabisa, lakini uchaguzi huo ni wa mtengenezaji, si wako. Ulicho nacho wewe ni kuzima upakuaji wa moja kwa moja kwa vipindi usivyovisikiliza kila wiki, na kuhakikisha hupokei video pale unapotaka sauti tu. Ukijua utarudia kusikiliza, pakua mara moja. Ukiicheza moja kwa moja kutoka mtandaoni mara mbili, unaweza kuilipia mara mbili.

Simu ya zamani inayokataa vipindi fulani tu, huku simu mpya ikivifungua kwenye mtandao uleule, huenda ina shida ya vyeti vya usalama, yaani hati za kidijitali ambazo seva huzitoa ili simu iziamini. Kwanza tazama tarehe na saa za simu: zikiwa na makosa ya mwaka, kila cheti kinaonekana kimeisha au hakijaanza. Zikiwa sawa, tazama toleo la Android. Matoleo kabla ya 7.1.1 hayakuja na cheti mzizi (kile kinachothibitisha vingine) kinachotumiwa na Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, na seva nyingi huchukua vyeti vyake huko. Njia ya mkato ni kupakua faili kwa kivinjari cha Firefox, kama simu hiyo bado inakikubali, maana chenyewe hubeba orodha yake ya vyeti.

Inasimama yenyewe

Hapa usianze na kwa nini, anza na lini. Chukua saa, cheza, andika dakika inaposimama. Rudia mara mbili.

Ikisimama dakika ileile kila mara, faili halikufika zima. Lifute, lipakue upya, linganisha ukubwa. Ikiendelea vilevile hata kwenye simu nyingine, faili limeharibika kule kwao.

Ikisimama baada ya muda uleule bila kujali ulianzia wapi, tuseme dakika 30 kamili, kipima muda cha kulala kimewashwa. Najua inavyosikika. Lakini nilikaa karibu wiki nzima nikilaumu simu, nikafuta kache, nikabadilisha programu ya pili, kabla sijaona kamwezi kadogo kwenye kona ya skrini ambako nilikawasha mwenyewe usiku mmoja.

Ikisimama dakika chache baada ya skrini kuzimika, na haisimami skrini ikiwa inawaka, simu inaiua programu ili kuokoa betri. Android ilianza kubana programu za chinichini kwa nguvu kuanzia toleo la 6.0, mwaka 2015, na watengenezaji kadhaa wa simu wakaongeza ukali wao juu yake. Fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu, chagua hiyo unayosikilizia, kisha betri, na uiondolee vizuizi. Kwa simu nyingine hiyo haitoshi. Inabidi pia uifunge kwa kufuli kwenye orodha ya programu za karibuni. Tovuti ya dontkillmyapp.com imeorodhesha hatua kwa kila aina ya simu, nayo ni ya kutegemewa kuliko mafundi wengi.

Ikisimama ovyo, mara dakika ya pili, mara ya kumi na saba, shuku hedifoni. Za waya zenye kitufe cha kupokelea simu zikipata unyevu au waya ukichubuka, kitufe hujibonyeza na simu inaelewa "simamisha". Za Bluetooth zenye kihisio husimamisha zikitikisika sikioni. Cheza kwa spika ya simu kwa nusu saa. Isiposimama, umempata mchawi.

Na ikiwa haisimami bali inaruka, ikarudia sentensi au ikameza nyingine, hasa ukiendelea baada ya mapumziko marefu, hilo ni la matangazo ya biashara. Vipindi vingi siku hizi huchomekewa matangazo na seva wakati unapochukua faili. Asubuhi umepewa faili lenye matangazo ya dakika mbili, jioni ukiendelea unapewa lenye ya dakika tatu, na dakika ya 20 ya moja siyo dakika ya 20 ya jingine. Ndiyo maana pia muda uliotajwa kwenye maelezo, "suala la kodi linaanza 14:30", haulingani na unachosikia. Pakua faili zima kabla ya kuanza na ruka-ruka zitaisha, ingawa muda kwenye maelezo utabaki umepotoka.

Mwanzo ukikatwa kila mara kwa kipindi kimoja tu, ingia kwenye mipangilio ya kipindi hicho. Kuna mahali pa kuruka sekunde za mwanzo. Maneno yakimezwa mwishoni, zima mpangilio wa kufuta ukimya. Huo hukata pumzi za watu, na msimulizi mzuri bila pumzi zake anageuka mpiga mnada.

Sauti yenyewe

Nilikuwa nasikiliza mahojiano kwa spika ya simu huku nafua. Mtangazaji akauliza swali. Kimya. Muziki laini kwa mbali. Kisha mtangazaji akacheka na kusema, "Hapo umenigusa!" Akauliza jingine. Kimya tena, kirefu. Nikadhani ni mchezo wa kisanii wa aina fulani. Nilipochomeka hedifoni, mgeni alikuwepo muda wote, anaongea kwa kituo, sauti safi.

Kilichotokea ni hiki. Sauti ya mgeni ilirekodiwa upande wa kulia ikiwa imegeuzwa kinyume cha kushoto: pale wimbi la kushoto linapopanda, la kulia linashuka kwa kiasi kilekile. Masikio mawili hayajali sana. Lakini simu yenye spika moja hujumlisha pande zote mbili, na moja ukijumlisha hasi moja unapata sifuri. Mtangazaji, ambaye hakugeuzwa, alibaki. Nilipozima hedifoni moja na kusikiliza kwa sikio la kushoto tu, wote wawili walikuwepo. Dalili hii ukiipata, usibadilishe simu. Tumia hedifoni na uwaandikie wenye kipindi, kwa sababu inawezekana wao hawajawahi kukisikia kwa spika ya simu.

Ina pacha wake, na huyu ni wa kwako. Ukiwa umevaa hedifoni za waya, muziki unasikika ila wasemaji wako mbali kama wako chumba cha pili, pini haijaingia hadi mwisho au waya wa ardhi, ule unaotumiwa kwa pamoja na spika zote mbili, umekatika. Spika mbili za masikioni hubaki zikipokea tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Msemaji huwekwa katikati, sawa pande zote, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri. Sukuma pini hadi ilie, ondoa kava la simu kama linaizuia.

Sauti ikitoka sikio moja, washa sauti ya mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Ikihamia pande zote, kipindi kilirekodiwa vibaya, na mono imekutatulia. Ikibaki upande mmoja, hedifoni ndiyo mbovu.

Kama sauti ya Bluetooth inageuka ghafla kuwa ya simu ya mezani, kuna programu imeshika maikrofoni. Bluetooth ina njia ya muziki na njia ya mazungumzo, na ile ya mazungumzo ni nyembamba. Funga mkutano wa video uliosahau kuutoka, au kinasa sauti, na itarudi.

Kipindi kimoja kikinong'ona na kingine kikipiga kelele, hakuna aliyevunja sheria; kuna mapendekezo tu. Apple inashauri wastani wa karibu −16 LKFS, Spotify inalenga −14 LUFS (majina mawili ya kipimo kilekile cha ukubwa wa sauti; kadiri namba inavyokaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi), na mtu anayerekodi kwa simu chumbani hana habari na yote mawili. Programu kama Overcast na Pocket Casts zina swichi ya kukuza sauti za wasemaji, na unaweza kuiwasha kwa kipindi hicho pekee.

Kiungo cha wanachama na orodha iliyopotea

Ukilipia kipindi kupitia huduma kama Patreon, hupewa mlisho wako binafsi. Anwani ile ndiyo ufunguo wenyewe. Ukimtumia rafiki naye akautumia, mfumo unaona mtu mmoja anapakua kutoka sehemu mbili na unaweza kuufunga. Ukifungwa, ingia kwenye akaunti, omba anwani mpya, futa ya zamani kwenye programu, bandika mpya. Usiutafute kwenye saraka, haumo, na haupaswi kuwamo.

Kabla ya kubadilisha simu au programu, toa orodha yako kwa faili la OPML. Programu nyingi zinalitoa na kulipokea. Linabeba vipindi ulivyojiunga navyo. Halibebi ulipofikia kwenye kila sehemu wala faili ulizopakua, kwa hiyo usiifute programu ya kwanza siku hiyohiyo. Na kwa kuwa linabeba anwani za milisho, milisho yako ya kulipia imo pia humo: usilitume kwenye kundi la watu.

Ikithibitika kosa ni lao

Waandikie, wengi hawajui. Mtengenezaji husikiliza kutoka kwenye kompyuta aliyotengenezea, na huko kila kitu kinacheza. Mpe jina la sehemu, dakika na sekunde, programu na toleo lake, na umwambie kama inatokea pia kwenye kivinjari. "Podikasti yenu imekataa" haitamfikisha popote. "Sehemu ya 12, inakatika 23:41 kwenye AntennaPod na kwenye Firefox, faili ni MB 9 badala ya 34" atairekebisha kabla hujamaliza chai.